Mara Yako ya Kwanza Kwenye Opera: Mwongozo Kamili, Kuanzia Tiketi Hadi Treni ya Kurudi

Opera, yaani tamthilia inayoimbwa kwa okestra, haina kipaza sauti. Anza na hilo, maana ndilo linaloeleza mengine yote. Mwimbaji anasimama jukwaani, chini mbele yake kuna shimo lililojaa okestra nzima, na nyuma ya okestra kuna watu elfu mbili na ushei waliokaa ghorofa juu ya ghorofa. Sauti inatoka kifuani mwake na kumfikia hata yule aliyekaa chini ya dari, bila waya wala betri. Mahameli mekundu, nakshi za dhahabu na wazee waliovaa tai za kipepeo ni mapambo ya nyumba tu.

Nalisema mapema kwa sababu Waswahili wengi ninaowafahamu hapa London hupita nje ya Royal Opera House, pale Covent Garden, wakiamini kwamba mle ndani si kwao. Mlangoni hakuna anayeulizwa ukoo wala kazi. Unaulizwa tiketi, basi. Katika mwongozo huu nitatumia jumba hilo na opera moja tu, La bohème ya mtunzi Giacomo Puccini, ili tuwe na kitu cha kushika mkononi. Ukienda jumba jingine au opera nyingine, hatua ni zilezile.

Chagua opera kwanza, tarehe baadaye

Kosa la wageni wengi ni kufungua tovuti, kuona Jumamosi wana nafasi, na kununua chochote kilichopo siku hiyo. Ukiangukia Die Meistersinger von Nürnberg ya Wagner, umejifunga kwa takriban saa nne na nusu za muziki, na ukijumlisha mapumziko unakaribia saa sita. Ni kazi kubwa, na wapo wanaoipenda kuliko chakula. Lakini hakuna anayejifunzia kuogelea kwenye mkondo wa Pemba.

Za kuanzia, mimi hutaja tatu: La traviata ya Verdi (1853), Carmen ya Bizet (1875) na La bohème (1896). Nyimbo za Carmen umeshazisikia hata kama hujui, kwa jinsi zilivyotumika kwenye matangazo na katuni. Ukiwa na mtoto, Die Zauberflöte ya Mozart (1791) ina joka, mtega ndege na filimbi ya ajabu, na kati ya nyimbo watu huzungumza kawaida. Angalia tu umri unaoruhusiwa, maana majumba mengi hayaingizi watoto wadogo sana.

Kati ya hizo tatu, La bohème ndiyo ninayompa mgeni. Muziki wake haufiki saa mbili. Vitendo, yaani sehemu zake, ni vinne, vifupi vyote. Na watu wake si wafalme wala miungu, ni vijana wanne wa Paris ya miaka ya 1830 wasio na kuni wala kodi ya nyumba. Mwenye nyumba anakuja kudai, wanamnywesha divai mpaka anaropoka, kisha wanamtoa nje bila senti. Aliyewahi kupanga chumba hahitaji tafsiri ya hapo.

Soma kisa chote, hata mwisho wake

Kwenye filamu, anayekusimulia mwisho amekuharibia. Kwenye opera, asiyeujua mwisho ndiye anayepata tabu. Karibu kila aliyekaa jirani yako anajua kwamba Mimì, msichana wa La bohème, atakufa. Amekuja kusikia atakufaje leo, kwa sauti ya nani. Ni kama kumtoa bibi harusi: kila mtu anajua atatoka, na bado watu wanasimama kwa ncha za vidole.

Kwa hiyo soma. Kisa chenyewe ni hiki. Ni mkesha wa Krismasi, chumba cha darini, baridi kali. Rodolfo, mshairi, anachoma mswada wa tamthilia yake ili wenzake wapate joto. Wenzake wakishatoka, jirani anabisha hodi: ni Mimì, anayetarizi maua kwa ajira, na mshumaa wake umezimika. Ufunguo unamdondoka, wanapapasa sakafuni gizani, mikono inagusana. Rodolfo anaanza kuimba kwamba mkono huu una baridi, aache aupashe joto.

Kitendo cha pili ni mkahawani Momus, katikati ya umati wa sikukuu. Hapo anaingia Musetta, mpenzi wa zamani wa mchoraji Marcello, akiwa na mzee tajiri, naye anaimba ili Marcello asikie jinsi wanaume wanavyomgeukia njiani. Ni rusha roho hiyo, sina neno jingine. Cha tatu ni Februari, theluji, kwenye lango la mji. Mimì amejificha, na akiwa hapo anamsikia Rodolfo akimwambia Marcello kwamba mpenzi wake anakufa kwa kifua na chumba chao cha baridi kinamwongezea. Ndivyo anavyojua hali yake. Cha nne turudi chumba kilekile. Mimì analetwa kufa. Musetta anatoa hereni zake ziuzwe, na Colline, mwanafalsafa wa kundi, analiaga kwa wimbo koti lake kuukuu kabla ya kwenda kulitafutia pesa. Wa mwisho kujua kwamba Mimì ameshafariki ni Rodolfo. Anawatazama rafiki zake usoni na kuuliza mbona wanaenda hivi na kurudi hivi.

Ukishakisoma, chagua nyimbo tatu uzisikilize wiki nzima, ukipika au ukiwa kwenye basi: “Che gelida manina” ya Rodolfo, “O soave fanciulla” wanayoimba wawili, na “Quando me'n vo” ya Musetta. Tatu zinatosha, opera nzima usiimalize kwa simu. Sababu ni hii: katika kitendo cha nne, Mimì akiwa kitandani, Puccini anarudisha vipande vya nyimbo za usiku ule wa mshumaa. Okestra inakumbuka kwa niaba yao. Sikio lisilouzoea wimbo halitashtuka hapo, na hapo ndipo penyewe.

Jambo moja kuhusu picha utakazoziona mtandaoni. Muziki na maneno havibadiliki, ila jukwaa na mavazi hubadilika kulingana na mwongozaji. Covent Garden walitumia jukwaa la John Copley tangu 1974 kwa miaka zaidi ya arobaini, kisha mwaka 2017 likaja la Richard Jones. Ukikuta chumba hakifanani na ulichokiona kwenye video, hujakosea ukumbi.

Tiketi: panda juu

Ukumbi una umbo la kiatu cha farasi. Chini kabisa, mbele ya jukwaa, kuna viti vya bei kali. Pembeni kuna vijumba vya watu wachache vinavyopendeza kwenye filamu lakini vingi vinakuonyesha nusu ya jukwaa. Kadiri unavyopanda, bei inashuka. Juu kabisa ni sehemu iitwayo Amphitheatre. Kwa opera moja na usiku mmoja, kiti cha pembeni huko juu kinaweza kuwa chini ya pauni 20 huku cha chini kikizidi pauni 200.

Ushauri wangu ni Amphitheatre, safu za katikati. Sauti hupanda, na watu wengi wanaokwenda kila wiki hukaa huko kwa hiari yao. Nyuso utaziona ndogo. Azima darubini kama unaye rafiki anayetazama ndege. Mteremko ni mkali na nafasi ya magoti ni haba, kwa hiyo mwenye miguu mirefu atafute kiti cha mwisho wa safu.

Kabla ya kulipa, soma maelezo ya kiti. Pakiandikwa kwamba mwonekano umezuiwa, kuna nguzo, ukingo au pembe inayokula sehemu ya jukwaa. Mzoefu anaweza kukubali hilo kwa sababu anakuja kusikiliza. Wewe usikubali mara ya kwanza, hasa kwa kitendo cha pili cha La bohème, ambapo kila pembe ya jukwaa kuna mtu, mtoto, mchuuzi au askari.

Kuna njia nyingine mbili za kupata nafuu. Covent Garden huachia tiketi mpya kila Ijumaa mchana kwa maonyesho ya wiki inayofuata, na waliochelewa kununua wengi huokolewa hapo. Pia kuna nafasi za kusimama, ambazo ni rahisi zaidi, ila zinataka miguu. Mji wa kusimama hasa ni Vienna: kule Staatsoper, jumba lililofunguliwa mwaka 1869, wasimamao nyuma ya viti vya chini husikia vizuri kuliko wengi waliolipa mara kumi yao, na mwenye nafasi yake hufunga skafu kwenye ukingo akaenda zake kunywa kahawa. Hakuna anayeigusa skafu hiyo.

Nunua kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Tovuti za kati zenye jina linalofanana na la jumba huuza kiti kilekile kwa bei ya kukutoa machozi kabla Mimì hajaanza kukohoa.

Mavazi

London hakuna sheria ya mavazi. Utaona suti, utaona jinzi, utaona kijana wa raba nyeupe kando ya mama wa lulu. Vaa kama unavyokwenda kumtembelea mkwe: nadhifu, na viatu unavyoweza kupandia ngazi nyingi. Kitenge kilichoshonwa vizuri hakijawahi kumwaibisha mtu mle.

Maskati ni habari nyingine. Ndugu zetu wa Oman wana jumba lao, Royal Opera House Muscat, lililojengwa kwa amri ya Sultan Qaboos na kufunguliwa mwaka 2011 kwa Turandot, ya Puccini huyohuyo, mwimbaji Plácido Domingo akiongoza okestra. Kule mavazi ni rasmi. Wanaume ni suti, na Waomani kanzu na kilemba. Wanawake ni nguo ndefu ya heshima. Raba ziache nyumbani. Tafsiri utaisoma kwenye kioo kidogo nyuma ya kiti kilicho mbele yako.

Popote uendapo, nguo ifukize kidogo tu. Udi ni kitu kizuri, lakini umekaa bega kwa bega na mgeni kwa saa tatu na hana pa kukimbilia.

Siku yenyewe

Tiketi ikisema 7.30 jioni ni saa moja na nusu usiku, na inamaanisha hivyo hasa. Si muda wa kadi ya harusi. Mara yangu ya kwanza, katika mji mwingine, nilichelewa dakika nne kwa sababu ya foleni ya chipsi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapelekwa ukumbi wa pembeni penye televisheni ndogo kuliko ya shangazi yangu, nikatazama kitendo kizima hapo, nimesimama, mkononi nina tiketi niliyoiwekea akiba mwezi mzima. Wanaofungia wana haki yao: mlango ukifunguka mwanga unaingia, na mwimbaji hana kipaza sauti cha kushindana na viatu vyako.

Fika dakika 45 kabla. Kula mapema, chakula chepesi. Koti na begi kubwa viache kwenye chumba cha makoti. Nenda msalani sasa hivi, hasa kina dada, kwa sababu foleni yenu wakati wa mapumziko ni ndefu kuliko mapumziko. Kama una kikohozi, beba pipi na uzifungue makaratasi kabla taa hazijazimwa. Karatasi ya pipi inayofunguliwa polepole kwa adabu ndiyo kelele mbaya kuliko zote. Simu izime kabisa. Mtetemo nao husikika, na mwanga wa kioo gizani huonekana na safu kumi za nyuma yako.

Taa zikizimwa

Kwanza utasikia obo, ala ya kupuliza, ikitoa sauti moja, nota ya A, na ala zote zikijipanga nayo. Aliyezoea taarab asilia atajisikia nyumbani: fidla, chelo na besi ni zilezile, ila hapa zimezidishwa mara nyingi. Kisha taa zinafifia na kiongozi wa okestra anaingia. (Siwezi kumwita kondakta. Konda ni yule wa daladala.) Watu humpigia makofi, piga nawe.

La bohème haina utangulizi mrefu. Nota chache tu, pazia liko juu na watu wanaimba. Wengi hushikwa hapo wakiwa bado wanarekebisha mto wa kiti.

Dakika tano za mwanzo unaweza kufikiri sauti ni ndogo. Usiogope. Masikio yetu yamezoea spika, na huhitaji muda kidogo kama macho yanavyohitaji ukitoka juani na kuingia ndani. Wala usidhani mwimbaji anapiga kelele. Sauti ya okestra ina nguvu zaidi kwenye masafa ya karibu hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Mwimbaji wa opera amefundishwa miaka mingi kukusanya nguvu ya sauti yake karibu na hezi 3,000, mahali ambapo okestra imeshanyong'onyea na sikio la binadamu ni jepesi kunasa. Anapenya badala ya kushindana. Ndiyo maana rekodi haikuandai kwa jambo hili. Inabidi uwe chumba kimoja naye.

Aliyeimba kwaya anazijua sauti tayari. Mimì na Musetta ni soprano, Rodolfo ni tena, Colline ni besi. Marcello ni baritoni, iliyo kati ya tena na besi.

Wanaimba Kiitaliano, na tafsiri ya Kiingereza hupita kwenye kioo juu ya jukwaa. Ni kitu kipya kuliko watu wanavyodhani: kilianza Toronto mwaka 1983, na kabla ya hapo mtu alikuja amesoma au alikaa tu. Kitumie kwa ubahili. Kwa kuwa umeshasoma kisa, tupia jicho mara moja moja, kisha rudi kwa watu. Niliwahi kukaa na binamu yangu aliyesoma kila mstari mpaka mwisho. Tulipotoka alinisimulia vizuri sana alichosoma.

Ukipotea, usihangaike kufuata wote. Chagua mtu mmoja umtazame. Katika kitendo cha pili mimi humtazama Marcello, maana yeye ndiye anayechomwa.

Makofi, na kwa nini hutamtuza Musetta

Hapa mtu wa pwani ana kazi ya kujizuia. Kwenye taarab, wimbo ukikugusa unainuka, unacheza mpaka mbele, unatuza noti na kurudi ukimwangalia uliyemkusudia. Hadhira ni sehemu ya wimbo. Kwenye opera unakaa. Hata kuguna kwa utamu hapana, wala kuimba pamoja na mwimbaji wa sauti ya tena, kosa ambalo nimeliona likifanywa na wazee wa kizungu waliozaliwa humo.

Nafasi yako huja wimbo mkubwa ukiisha na okestra ikatua. Baada ya “Che gelida manina” watu hupiga makofi hata kama hadithi haijasimama. Kama huna uhakika, subiri wengine waanze. Aliyechelewa kwa makofi hajulikani, aliyewahi anajulikana na ukumbi mzima. Wakati wa kutoa heshima mwishoni, mwanamume huitiwa “bravo”, mwanamke “brava”, wengi “bravi”. Utasikia pia kuzomea siku nyingine, zaidi usiku wa kwanza, na mara nyingi anayezomewa ni mwongozaji wa jukwaa wala si waimbaji.

Pazia la mwisho la La bohème lina kimya chake. Rodolfo anaita jina mara mbili, okestra inapiga kwa nguvu, kisha inafifia. Usikimbilie makofi. Ngoja nota ya mwisho ife.

Mapumziko, na kama hukupenda

Kwa kawaida La bohème ina mapumziko moja, dakika 25 hadi 30, baada ya kitendo cha pili. Vinywaji agiza kabla ya onyesho kuanza, utavikuta mezani. Bei yake ni ya kuhuzunisha, na maji ya kwenye chupa yako yanatosha. Tembea. Pale Covent Garden kuna ukumbi wa chuma na vioo ambao zamani ulikuwa soko la maua, na watu wa kutazama hawaishi. Kengele zikilia, rudi. Ya mwisho si ya kujaribia bahati.

Kama umefika hapo na moyo haujashika kitu, kuondoka ni ruhusa. Hutakuwa wa kwanza. Ila kwa opera hii nakuomba ubaki, kwa sababu vitendo viwili vya kwanza vina furaha na mbwembwe, na deni lote linalipwa katika viwili vya mwisho.

Kutoka

Makofi yakiisha, watu 2,000 hutoka kwa mpigo mmoja, na kituo cha Covent Garden kina lifti za kusubiri au ngazi 193 za mzunguko. Usijiunge nao. Chukua koti lako taratibu, utoke nje, utembee hadi Leicester Square. Kwa reli, vituo hivyo viwili viko umbali wa mita 260 hivi, mfupi kuliko wowote kwenye mtandao mzima wa treni za chini ya ardhi za London. Kwa miguu ni dakika tano, na njiani utakuta angalau mtu mmoja anayemwimba Musetta vibaya.